Tanga la Britannia linaukana mwaka wa kibao

SWALI: Kuna picha ya rangi ya mafuta nataka kuinunua mnadani. Kibao cha fremu kimeandikwa "Britannia na Endeavour, Cowes, 1934", yaani yoti mbili za mashindano huko Cowes, Uingereza. Britannia ina mlingoti mmoja na tanga kuu la pembe nne, lenye foromali (boriti inayolishika tanga) juu. Endeavour ina tanga refu la pembe tatu. Muuzaji anasema mchoraji aliziona kwa macho yake siku hiyo. Nimwamini?

JIBU: Kwa jinsi ulivyoieleza, ndugu msomaji, hapana. Yoti hizo mbili ziliwahi kushindana kweli, lakini si kwa matanga hayo.

Britannia ilichorwa na George Lennox Watson, ikajengwa Glasgow mwaka 1893 kwa ajili ya mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Kwa miaka mingi ilibeba tanga la foromali, na hivyo ndivyo wachoraji wengi walivyoizoea. Mwaka 1931, ikiwa chini ya Mfalme George V, ilibadilishwa: foromali ikaondolewa, ukawekwa mlingoti mrefu wa tanga la pembe tatu. Endeavour ya Thomas Sopwith, mtengenezaji wa ndege, ilishushwa majini 1934. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusimama ufukweni Cowes akaziona pamoja, moja na foromali na nyingine bila. Nadhani mchoraji alitumia picha mbili za kamera za miaka tofauti. Jambo hilo ni la kawaida mno katika biashara hii, na wala silihesabu kuwa wizi mpaka muuzaji atakapoanza kuapa.

Kabla ya kumbana, hesabu milingoti upya. Kama chombo hicho kina miwili, huenda ni Westward, skuna ya 1910 iliyokuwa bado ikishindana na yoti kubwa kama hizi kwa matanga ya foromali. Hapo kosa ni la kibao, na picha inaweza kuwa ya ukweli. Vibao huwekwa na wauzaji. Mimi huvisoma mwisho.

Kisha itazame Endeavour. Ubavu wake ulikuwa buluu iliyokoza, na tanga kuu lilikuwa na alama JK4. Mwaka huo ilijaribu tanga la mbele lenye pembe nne, kitu kipya ambacho Wamarekani walikiiga upesi. Ukiliona, mchoraji alikuwa na kielelezo kizuri cha 1934. Angalia pia upepo: bendera za mlingotini, moshi wa meli za watazamaji na mlalo wa yoti lazima vikubaliane. Vikipingana, kila kipande kimetoka kwake.

Mambo haya yanakupa mwaka wa tukio tu. Umri wa turubai uko nyuma yake: misumari, mbao, lebo za maduka. Rangi ya akriliki, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950, ikionekana chini ya sahihi, hadithi ya shahidi imekwisha. Chukua na kioo cha kukuzia. Ukikuta vitone vidogo vilivyopangika, hiyo ni picha iliyochapishwa kwa mashine ikapakwa vanishi.

Ukiipenda, inunue, ila kwa bei ya pambo la ukutani. Mwombe muuzaji kwanza akupigie picha ya upande wa nyuma bila fremu. Akikataa, achana nayo.