Jibu: Taa za ziada kwa safari za usiku Kampala–Gulu

Ndugu yangu, umeuliza kama utoe balbu za wati 55 kwenye taa zako za ziada uweke za wati 100, ili uone mbali usiku ukienda Gulu. Tafadhali usianze na balbu, anza na waya. Taa mbili za wati 55 kwa volti 12 zinavuta ampea 9 hivi. Za wati 100 zinakaribia 17. Swichi ya dashibodi haibebi mzigo huo. Gari langu lilianza kunuka plastiki iliyoungua nikiwa nimevuka mto Kafu. Nilipofungua, soketi ya swichi ilikuwa imelainika kama mshumaa.

Weka rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa, ile ya dashibodi inaiamsha tu) ya ampea 30, waya mnene kutoka betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Utashangaa, hizo 55 zilezile zitang'aa zaidi, maana volti hazipotei njiani.

Halafu mwambie fundi aziunganishe na fulu (mwanga mrefu), ukishusha dimu (mwanga mfupi) zizime zenyewe. Pale Bweyale kuna baiskeli na boda nyingi, usiwapofushe.