Jibu: Bega la mama lililoganda na mafuta ya Ayurveda

Habari za jioni, dada yangu wa Kigoma, na mama umpe shikamoo yangu. Umeuliza kama mafuta ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, yatalifungua bega lake lililoganda, ambalo kwa miezi minne sasa halimruhusu hata kujifunga kitambaa kichwani.

Kwanza kabisa apimwe sukari, kwa kuwa kisukari huandamana mno na ugonjwa huu. Mimi hapa Tabora, bega langu lilipoganda, niligundua kisukari changu kwa njia hiyo hiyo.

Waganga wa Ayurveda hulikanda bega kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha hulifukiza kwa mvuke. Kila jioni nilijipaka mafuta vuguvugu, nikaweka taulo lililokamuliwa maji ya moto, halafu nikavipandisha vidole ukutani taratibu, nikitia alama ya mkaa pale vilipokomea. Alama zilipanda kwa unene wa kidole tu kwa wiki, na naamini kazi kubwa ilifanywa na mazoezi, mafuta yakituliza maumivu.

Vidonge na unga wa Ayurveda wa kumeza asiviguse bila daktari, tafadhali sana, maana baadhi ya dawa hizo zimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Bega lenyewe huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea.