Chujio la zamani, tangi jipya

SWALI: Nina tangi la kioo la lita 60 lenye nkejje (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wanane. Chujio lake la ndani lina miezi kumi, na pampu yake husukuma lita 300 kwa saa. Sasa nimepata tangi la lita 200. Nihamishe chujio hilohilo au ninunue jipya? Na maji ya zamani je?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hamisha chujio, tena siku moja na samaki. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara sana, wameshikamana na sponji na pete za kauri zilizo ndani ya chujio, na changarawe. Kwenye maji yenyewe ni wachache mno. Wingi wao hufuata uchafu wa samaki, si ukubwa wa tangi. Kwa hiyo nkejje walewale wanane watatoshelezwa na bakteria walewale. Changarawe nayo usiiache.

Kinachopungua ni nguvu ya pampu. Lita 300 zilikuwa zikizungusha maji yako mara tano kwa saa. Katika tangi jipya hazifiki hata mara mbili. Tafuta chujio la pili la lita 800 hivi, uliweke sambamba na la zamani na kulitilia nusu ya zile pete. Yafanye kazi pamoja kwa wiki sita, na muda huo usiongeze samaki.

Jaza tangi jipya siku moja kabla, ukiacha nafasi ya maji ya zamani. Maji ya bomba ya NWSC, shirika la taifa la maji la Uganda, hutiwa klorini, ambayo huua bakteria na kuunguza matamvua ya samaki. Tia dawa ya kuiondoa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Siku ya kuhama, chota ndoo ya maji ya tangi la zamani, uikamue sponji humo mara mbili tatu tu, basi. Kuisuuza bombani mpaka ing'ae ndilo kosa linaloua samaki siku chache baadaye, maji yakiwa bado maangavu.

Maji ya zamani hamisha lita 40 hivi, kwa ajili ya samaki wasishtuke, si kwa ajili ya bakteria. Wiki ya kwanza walishe kidogo, mara moja kwa siku, na upime amonia na nitriti kila siku. Vyote viwe sufuri. Kimojawapo kikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo. Nitriti huzuia damu kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki hutweta juu ya maji.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiiache sponji ndani ya chujio lililofungwa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na maji yaliyotuama huishiwa nayo ndani ya saa chache. Ilaze kwenye beseni pana lenye maji ya tangi ya kuifunika tu, au uiwekee pampu ya hewa ya betri. Ikianza kunuka mayai viza, isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha, na siku hiyo samaki wasile.