Milioni tatu za Dar es Salaam na kikombe cha Nairobi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Barua yako aliyoileta shangazi yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza jambo moja tu: je, mshahara wa shilingi milioni tatu kwa mwezi utakutosha kuishi Dar es Salaam na kuweka akiba, au ni heri ubaki Arusha katika ofisi unayoifahamu, kwa mshahara ulio nusu ya huo? Swali ni la hesabu, na unajua kwamba baba yako hajawahi kuikwepa hesabu, kwa hiyo nimeifanya.

Milioni tatu hizo hutazishika. Mfuko wa hifadhi ya jamii utachukua asilimia 10, yaani 300,000. Kodi ya mapato inakatwa katika kinachosalia, na kwa kuwa sehemu yote iliyo juu ya milioni moja inatozwa asilimia 30, ukijumlisha na ngazi za chini yake unafika 638,000. Mkopo wa chuo, ambao bado unaulipa, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 450,000. Mkononi utabaki na 1,612,000. Nyumba ya Mikocheni uliyoitaja ni ya 600,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba kabla hujanunua hata ndoo utakuwa umetoa 4,200,000. Ukikaa Kimara kodi itapungua, na mwendokasi utakufikisha Kivukoni, ingawa jioni utafika nyumbani huna nguvu hata ya kuinjika sufuria. Tangu ukiwa darasa la tano nimekuwa nikikuambia usihesabu kinachoingia, uhesabu kinachobaki. Kwa hesabu hiyo, pesa zinatosha kuishi, na akiba itakuwa ndogo mpaka deni la chuo liishe.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini hesabu ya namna hiyo hiyo niliwahi kuifanya juu yangu mwenyewe, nikaipata sawasawa hadi senti, na baada ya miaka zaidi ya thelathini bado inaniuma.

Habari ya Nairobi unaijua nusu. Hapa nyumbani imezoeleka kusemwa kwamba niliikataa kazi ile kwa ajili ya ada ya sekondari ya baba yako mdogo, na mimi sijawahi kumsahihisha mtu. Mwaka 1994 baridi kali ya jalidi iliunguza mibuni ya Brazil mwezi Juni, kisha tena Julai, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi ambayo wazee wa hapa walikuwa hawajaiona kwa miaka mingi. Kampuni za kununua kahawa zikawa zinatafuta waonjaji. Mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, miwili tu zaidi ya wako wa leo, karani wa sampuli katika kiwanda cha kukoboa. Kazi yangu ilikuwa kukaanga sampuli, kuzisaga na kuzipanga mezani kabla ya mnada wa Alhamisi, na mzee mmoja mwonjaji alikuwa akiniruhusu kushika kijiko wenzake wakishaondoka. Huyo mzee ndiye aliyenisemea kwa kampuni moja ya Nairobi, wakaniita kwa majaribio ya siku mbili. Nilipanda basi alfajiri, nikapitia Arusha na Namanga, nimevaa suti ya harusi yangu.

Nataka uione meza ile. Ilikuwa na vikombe thelathini na sita. Maji ya moto yanamiminwa juu ya unga wa kahawa, mnasubiri kama dakika nne, kisha unauvunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko huku pua ikikaribia kugusa kikombe. Unaengua povu, unachota, unavuta kwa nguvu hadi sauti ya mluzi isikike, ili kahawa itawanyike kinywani kote, halafu unatema na kusogea. Kikombe cha kumi na moja kilikuwa kahawa ya Nyeri, aina ya SL28, na kilikuwa na uchachu mkali na mtamu kwa pamoja, kama zambarau iliyoiva hadi ikapasuka. Nilikwisha kuonja mamia ya sampuli za kwetu, za Kibosho, Machame na Uru, laini na safi, na siibadilishi kauli yangu kwamba ni kahawa nzuri. Ila siku ile ndipo nilipotambua jinsi ulimi wangu ulivyokuwa umejifunza bila mimi kujua. Tulipofika mwisho wa meza, mkuu wa chumba aliniuliza kama nina la kusema. Nilisema kwamba kikombe cha kumi na moja na cha ishirini na tisa vimetoka shamba moja. Alifungua daftari lake, akalitazama kwa muda, akaligeuza upande wangu ili nisome mwenyewe. Ilikuwa kweli. Mwanangu, nimeoa, nimewapata ninyi, nimejenga, na bado sijasahau jinsi daftari lile lilivyogeuzwa.

Walinipa mshahara mara tatu ya ule wa Moshi. Nilirudi, nikakaa usiku na daftari la mraba, nikaandika: kodi ya nyumba, karibu nusu ya mshahara, kibali cha kazi, nauli za kurudi nyumbani, ada ya mdogo wangu, dawa za bibi yako. Kinachobaki kilitoka pungufu kidogo ya kilichokuwa kikibaki Moshi. Niliandika barua ya kukataa asubuhi yake, na mkono haukutetemeka, kwa kuwa nilikuwa na hesabu.

Ni kweli, na ninalisema bado, kwamba mtu ahesabu kinachobaki. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na kwenye vihamba, mashamba haya ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Nilijiambia wakati ule kwamba niliokoka, kwani ningekuwa Nairobi na familia, nyumba ya kupanga, na kazi inayoyumba. Lakini kwani bei ile haikunifikia hapa? Ilinifikia. Mwaka uliofuata nilipunguzwa kazini, nikiwa bado karani wa sampuli, na unakumbuka miaka ile ya duka la Pasua. Mwonjaji hodari akipunguzwa, anaondoka na ulimi wake. Mimi niliondoka na barua ya shukrani. Kisha najijibu tena: ningekuwa mbali, nani angemzika babu yako kama nilivyomzika, na mama yako angejifungua wewe mikononi mwa nani? Hoja hizo nazipindua kila ninapopita mbele ya jengo la mnada, na hazijawahi kunipa jawabu moja. Ada ya baba yako mdogo ningeituma kutoka Nairobi bila shida. Niliogopa. Hilo ndilo ambalo halikuandikwa kwenye daftari.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Ina kurasa tatu. Mbili na nusu zinazungumzia kodi, foleni, joto na bei ya umeme. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanwa pembeni, umeandika kwamba ofisi ile itakuruhusu kulifuata jengo moja tangu kupimwa kiwanja hadi kuezekwa, jambo ambalo Arusha hujaruhusiwa kwa miaka minne. Sikuelewa kwa nini umeificha sentensi hiyo mahali ambapo karatasi inaishia. Au nimeelewa vizuri mno.

Ninalo jibu, na kulizuia kunaniwia vigumu. Nilipopata barua ya Nairobi, babu yako alinipa lake kabla sijamaliza kusoma: mtu haachi kihamba. Kwa miaka mingi nililitumia jibu lake kama mlango wa kujifungia ndani, na yeye akabeba lawama ambayo haikuwa yake. Sitaki ulitumie langu hivyo, uende au ubaki.

Kuhusu ile 4,200,000, ninayo 2,500,000 ya ndizi na ya yule ng'ombe tuliyemuuza baada ya Pasaka. Nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya paa la jiko la bibi yako, ambaye anakusalimu na anasema mvua haijaanza, kwa hiyo anaweza kusubiri. Fundi anataka jibu Ijumaa. Niambie kabla ya siku hiyo pesa hizi zielekee wapi.

Ni mimi, baba yako.