Nusu ya bibi harusi imeingia giza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha za harusi, naishi Ngamiani, Tanga. Juzi nilimpiga picha bibi harusi kivulini, chini ya mwarobaini kule Raskazone, bahari ikiwaka jua nyuma yake. Nilitumia flashi na kasi ya 1/500 ya sekunde. Uso umetoka vizuri, lakini kuanzia kifuani kwenda chini ni giza, kana kwamba amefunikwa shuka. Je, flashi yangu imeharibika?

JIBU: Ndugu yetu wa Ngamiani, flashi yako ni nzima; kilichomfunika bibi harusi ni pazia la shata, yaani kile kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Kamera kama yako ina mapazia mawili mbele ya sensa, yaani kibao kinachopokea mwanga na kuunda picha: la kwanza huteremka na kuifungua, la pili hufuata na kuifunika. Kila moja huchukua takribani 1/250 ya sekunde kumaliza safari yake, na mwendo huo ni uleule hata ukiongeza kasi, kwani kinachopungua ni muda ambao pazia la pili husubiri kabla ya kuondoka. Kwa 1/500, la pili huondoka wakati la kwanza liko katikati ya njia, hivyo sensa haipati kuwa wazi yote kwa pamoja. Hupitiwa na uwazi unaoteremka juu yake. Jua halikatiki, kwa hiyo humulika kila sehemu kwa zamu. Flashi huwaka mara moja tu, pazia la kwanza linapofika mwisho, na hapo la pili limekwisha kuziba nusu ya juu ya sensa. Lenzi huipindua taswira juu chini, ndiyo maana giza limeangukia chini ya picha. (Katika kamera nyingi za zamani, zenye mapazia ya kitambaa yanayokwenda kwa upande, giza hilo hukaa ubavuni.)

Nakusihi ujaribu mwenyewe chumbani usiku: piga ukuta mweupe kwa flashi, kwa 1/200, 1/250, 1/320, kisha 1/500, nawe utauona ukingo wa giza ukipanda hatua kwa hatua. Kasi ya mwisho isiyo na giza ndiyo mpaka wa kamera yako.

Kule Raskazone, tumia 1/200, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga), na ufinye tundu la lenzi hadi f/11 ili bahari isiungue kwa mwanga na kutoka nyeupe tupu. Flashi isogeze karibu naye, kwa sababu tundu dogo hivyo hudai mwanga mwingi. Zipo flashi zinazowaka kwa mfululizo wa haraka sana muda wote mapazia yanapopita, nazo hukubali hata 1/1000, ila nguvu yake hupungua mno, na kwa jua la mchana mimi nisingezitegemea.