Jibu: Timu yetu ya roboti imegawanyika juu ya muundo, tuchague vipi?

Mwalimu, umeeleza kwamba klabu yako hapo Kigoma ina wanafunzi 9, na kazi mliyopewa ni roboti ya kuokota mipira ya tenisi ya meza sakafuni na kuitia kwenye kisanduku chenye ukuta wa sentimita 10, ndani ya dakika 2. Roboti isizidi sentimita 25 kila upande. Mmebishana wiki mbili na sasa vijana wanataka kupiga kura.

Msipige kura. Kura humpa ushindi anayeongea vizuri au mwenye marafiki wengi, na walioshindwa hujenga shingo upande. Kinachomaliza ubishi ni kipimo ambacho kila mmoja amekiona kwa macho yake. Na bado mnao muda, kwa sababu hatua zote ninazoeleza zinaingia kwenye vikao vinne.

Kikao cha kwanza kisiwe na mchoro wowote. Someni kanuni za shindano kwa sauti, kisha muandike ubaoni vitenzi peke yake: tembea, okota, beba, inua, mwaga. Hakuna "mkono", hakuna "mkanda", maana hayo tayari ni majibu. Chini yake wekeni namba zisizobadilika: mpira una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7, ukuta ni sentimita 10, muda ni sekunde 120. Halafu kubalianeni vigezo vya kuchagulia, kabla wazo lolote halijawekwa mezani. Mwanafunzi akishalipenda wazo lake, vigezo anavyopendekeza hupinda kulifuata, na hafanyi kwa hila, ndivyo binadamu tulivyo. Kwa kazi hii ningeweka sita: mipira kwa dakika, mara inazokwama, idadi ya mota, muda wa kujenga, kama inatengenezeka uwanjani kwa dakika 5, na kama vifaa vinapatikana hapo hapo. Hicho cha mwisho msikidharau. Bodi ya umeme ya roboti ikiungua, nyingine huenda ikatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Plaiwudi ya milimita 3, spoku za baiskeli, tyubu kuukuu, madumu na vipande vya nyavu za dagaa mnavipata bila kutoka mjini.

Kikao cha pili ndicho cha kumwaga mawazo, na kifanyike kimya. Watu wengi hudhani kukaa duara na kurusha mawazo kwa mdomo ndiyo njia bora. Wanasaikolojia Diehl na Stroebe walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1987: watu wanaofikiri kila mmoja peke yake hutoa mawazo mengi kuliko kundi la idadi ileile linaloongea, na sababu kubwa ni kusubiri zamu. Ukisubiri mwenzako amalize, lako linapotea au unaliona halifai tena. Kwa wanafunzi ni zaidi, kwa kuwa kidato cha kwanza hanyanyui mkono mbele ya kidato cha nne.

Tumieni njia ya 6-3-5 ambayo Mjerumani Bernd Rohrbach aliieleza mwaka 1968: watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5, kisha karatasi inapita kwa jirani, naye anaongeza matatu yake akiwa ameyaona ya mwenzake. Nyinyi ni 9, kwa hiyo gawaneni kundi la 4 na kundi la 5. Kundi la watu 4 lizungushe mara 4, litapata visanduku 48. La watu 5 lizungushe mara 5, visanduku 75. Mengi yatajirudia, na hilo halina ubaya. Masharti ni machache: kuchora kwanza, maneno yasizidi kumi kwa kila kisanduku, hakuna jina kwenye karatasi, na kalamu ziwe za rangi moja ili mwandiko wa mtu usitambulike kirahisi. Anayeshindwa kupata la tatu aboreshe lililo juu yake, huo nao ni mchango.

Mkimaliza, kateni visanduku kwa mkasi na mvipange chini ya vile vitenzi vya ubaoni. Hapa timu nyingi hugundua kwamba hazikuwa zikibishania roboti mbili. Zilikuwa zikibishania njia ya kuokota tu, na mengine yote yanafanana. Chagueni mchanganyiko 4 uliokamilika, kila mmoja ukiwa na jibu kwa kila kitenzi. Tuseme mmebaki na hizi: kijiko cha mbele kinachoinuliwa na mota moja ya sevo (inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), rola, yaani gogo linalozunguka, yenye mapezi ya tyubu, kucha ya kushika mpira mmoja mmoja, na mkanda wa kupandisha.

Kikao cha tatu ni cha maboksi. Jengeni sehemu ya kuokota peke yake, kwa ukubwa halisi, kwa boksi, solotepu na spoku, na mzungushe kwa mkono. Upeni kila muundo dakika 40 za kujenga, zisizidi, kwa sababu kitu kilichojengwa siku nzima hakuna anayekubali kukitupa. Kwa rola, acheni kati ya ncha ya pezi na sakafu nafasi ya milimita 35 hadi 37. Ikiwa 40 kamili pezi linaupapasa mpira tu bila kuuvuta, na ikibana sana mpira unarushwa mbele. Mtawanye mipira 20, msukume mfano kwa sekunde 60, mhesabu iliyoingia na mara zilizokwama. Rudieni mara 5, maana jaribio moja halisemi kitu. Anayesukuma asiwe mwenye wazo. Sharti hili huudhi, lakini lishikeni, kwa kuwa mwenye wazo huusaidia mkono wake bila kujua.

Sasa jedwali. Wengi hukimbilia kutoa alama 1 hadi 10 na kuzidisha kwa uzito wa kila kigezo. Mimi siipendi kwa wanafunzi, kwa sababu ubishi wa miundo hugeuka ubishi wa kama hii ni 6 au 7. Mhandisi wa Uingereza Stuart Pugh alitoa njia nyepesi: chukueni muundo mmoja, ule rahisi kabisa, uwe kipimo. Kwenu ni kijiko. Kila muundo mwingine unalinganishwa nacho kwa kila kigezo: alama ya kujumlisha ukiwa bora, ya kutoa ukiwa duni, sifuri ikiwa sawa. Palipo na namba za maboksi, namba ndiyo inayojaza kisanduku. Anayeanza kusema awe mdogo wa darasa, mkubwa amalizie.

Kucha kwa kawaida huanguka mapema: kushika mpira mmoja, kwenda, kumwaga na kurudi ndani ya dakika 2 hakuleti mipira mingi. Mkanda una sehemu nyingi za kukwama. Rola itashinda kijiko kwa kasi, lakini tazameni safu ya mota. Bodi ya L298N, ile inayopeleka umeme kwenye mota, inaendesha njia mbili tu, nazo zimechukuliwa na gurudumu la kushoto na la kulia, hivyo rola inadai bodi ya pili, waya zaidi na betri inayoisha haraka. Isitoshe, rola peke yake haiinui mpira kufika juu ya ukuta. Kijiko nacho kina aibu yake: roboti ikisimama au kurudi nyuma, mipira inabingirika na kutoka.

Thamani ya jedwali inaanzia hapo, maana msiishie kujumlisha alama na kumtangaza mshindi. Chukueni alama ya kutoa iliyo mbaya kuliko zote kwenye muundo mnaouelekea, na muulize: ni kipande gani cha wazo jingine kinaiponya? Mapezi ya tyubu yatoke kwenye rola, yaning'inizwe mdomoni mwa kijiko kama pazia, na chini pawe na kizingiti chembamba kinachozuia mapezi yasipinde kwenda nje. Mpira unasukuma na kuingia, hautoki, na hakuna mota iliyoongezeka. Kijiko kiwe wazi juu, kikigeuka kupita wima mipira imwagikie kwenye mtelemko ulio mgongoni, ishukie nyuma juu ya ukuta. Mtelemko uishie kwenye kimo cha sentimita 12. Wazo hilo sasa ni la kundi zima, na aliyetoa rola anajiona ndani yake.

Kabla ya kukata plaiwudi, pigeni hesabu. Sevo ndogo ya SG90 kwa volti 4.8 ina nguvu ya kuinua takriban kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1. Kwenye mkono wa sentimita 12 inabaki gramu 150, na hapo ndipo inaposimama kabisa. Panga kutumia nusu, yaani gramu 75. Mipira 6 ni gramu 16, na kijiko kikiwa gramu 60 mmeshafika mpakani. Kikateni kutoka plastiki ya dumu la mawese badala ya plaiwudi, au mchukue sevo yenye nguvu zaidi ya MG996R, ila hiyo yenyewe ina uzito wa gramu 55 na inaielemeza roboti mbele.

Kwa umeme, betri mbili za lithiamu za aina ya 18650 zikifuatana ni volti 7.4, L298N inakula kama 2, mota za njano za magurudumu zinapata 5.4, inatosha. Betri ya pembe nne ya volti 9 iacheni, haitoi mkondo wa kutosha kwa mota. Sevo msiilishe kutoka pini ya volti 5 ya Arduino Uno, bodi ndogo inayobeba programu ya roboti, kwa sababu inapoanza kunyanyua, volti hushuka na bodi hujiwasha upya katikati ya mchezo. Ipeni betri 4 za AA za kuchaji, na waya hasi zote ziunganishwe pamoja. Tena, maktaba ya Servo (programu iliyotayarishwa ya kuendesha sevo) kwenye Uno huzima udhibiti wa kasi kwenye pini 9 na 10, hivyo ENA na ENB, pini za L298N zinazopokea kasi ya mota, ziungeni kwenye pini 5 na 6 za Uno.

Kikao cha nne andikeni uamuzi kwenye daftari pamoja na namba zake na sababu ya kila muundo ulioachwa, wote 9 waweke sahihi. Kuanzia hapo muundo umefungwa. Anayetaka ufunguliwe alete mfano wa boksi na majaribio yake 5 kwa mipira ileile 20. Mkishapima, tuwekee hapa namba za kijiko chenye pazia na za rola, pamoja na urefu wa mapezi mliyotumia, tuone kama nafasi ya kizingiti inahitaji kubadilishwa.