Meza za MDF: rangi ya kukauka haraka iliniponza

Mwaka wa kwanza wa karakana yangu hapa Keko nilipata kazi ya meza nane za ofisi. Ilikuwa Alhamisi, mteja anazitaka Jumatatu. Tukakata MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18 siku hiyohiyo, tukapiga praima, Jumamosi tukapuliza NC nyeupe, ile rangi ya nitroselulosi inayokauka haraka. NC nayo haina maringo: nusu saa tu unapiga mkono wa pili. Jumatatu meza zikapanda Kirikuu, nikalipwa changu.

Mwezi haukuisha, simu. Nafika, nakuta juu ya meza kumejaa duara za vikombe vya chai. Hizo afadhali. Kuinama chini, miguu imeumuka kama maandazi! Kila asubuhi dada wa usafi hupitisha dekio, maji yanagusa ncha ya ubao, na ncha zile sikuzifunga. Nilipaka panapoonekana tu. Meza nne nilizirudia kwa hela yangu.

Shida ya MDF iko kwenye ncha. Uso wake umebanwa ukawa mgumu, lakini ukishakata, pale kati ni nyuzi laini zinazokunywa rangi kama sponji. Utapiga mikono mitano na bado pana vinyweleo. Siku hizi napitisha msasa namba 180, kisha napaka puti ya wapiga rangi wa magari, ile ya kuchanganya na hadena (dawa ya kugandisha), nyembamba kabisa. Chai haijapoa imeshashika. Msasa tena, 240, mpaka kidole kipite bila kukwama. Ncha za chini ya miguu nazo zinapakwa, hata kama hakuna atakayeziona. Halafu usianze na praima ya maji, inaamsha nyuzi zote ulizokwisha kuzilaza.

Juu ya meza napuliza rangi ya 2K, yaani ya sehemu mbili: rangi yenyewe na hadena yake. Bei yake inauma, na ukishachanganya hadena huirudishi koponi, kwa hiyo changanya ya kazi iliyo mbele yako. Ila inastahimili chai ya moto na hata spiriti ya kufutia. Kesho yake unaweza kuibeba, ingawa kukomaa kabisa kunataka kama wiki; mwambie mteja asiburuze kompyuta juu yake mapema. Mvuke wake una madhara makubwa kwa mapafu. Barakoa ya kitambaa ni mapambo tu, vaa yenye vichujio vya mkaa, na puliza pasipo na watu.

NC sijaitupa. Inafaa ndani ya droo na kwenye shelfu za mafaili, mradi isiwe siku ya mvua, maana unyevu huifunga ukungu ikapoteza mng'ao.

Na mteja akishikilia Jumatatu? Juu namwekea ubao wa melamini, ule unaokuja na uso wake tayari, wenye ukanda wa pembeni, rangi napiga miguu peke yake, na chini kila mguu unavaa kisigino cha plastiki.